Mtoto akikuambia anataka kuwa kipa wa barafuni

MPWA wangu, kijana wa miaka 13 anayeishi na mamaye huko Kawangware, alimshtua dada yangu Jumapili moja alipomwambia kwamba anataka anunuliwe sketi.

Mama mtu alikuwa akipepeta mchele. Aliliweka ungo chini, akamtazama mwanawe kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akanipigia simu mimi, mjomba, akitaka nifike nyumbani kwake bila kuchelewa.

Nilipofika ndipo ilipobainika kwamba sketi aliyoitaka kijana si ile ivaliwayo na wasichana wa shule. Alitaka viatu vya magurudumu, ambavyo vijana wa mjini huviita sketi kwa kufuata Kiingereza. Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Lakini kicheko cha dada kilikatika ghafla kijana alipoendelea na maelezo yake. Viatu hivyo, alisema, ni mwanzo tu. Alichotaka hasa ni kuwa kipa wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na akikua aifanye hiyo kuwa kazi.

"Barafu gani, Kawangware?" dada aliuliza.

Mpenzi msomaji, iwapo wewe ni mzazi, hebu jiulize ungemjibu nini mtoto huyo. Ni rahisi kumwambia aende akadurusu vitabu. Mimi nilikaribia kusema hivyo. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, niliamua kwanza kuulizia mambo mawili: kazi ya kipa wa barafuni ni kazi ya namna gani, na je, njia ya kuifikia kutoka hapa Nairobi ipo?

Magongo si mageni kwetu

Ukipita katikati ya jiji siku ya Jumapili, wakati magari ya watu wa ofisini hayapo, huenda ukawaona vijana wakiteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho na vijia vya karibu na Aga Khan Walk. Wengine huwa na magongo mikononi. Huko ndiko mpwa wangu alikopatia wazimu wake. Kila mtoto alitaka kufunga mabao na hakuna aliyetaka kusimama langoni. Yeye, kwa vile alikuwa mgeni na hana viatu, alisimamishwa hapo akiwa na raba zake za shule. Siku hiyo alizuia mipira mingi, akapigwa mmoja wa ugokoni, na akarudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Wala si kwamba gongo ni kitu kigeni katika jiji hili. Wazee wa Parklands wangali wanakumbuka enzi za mpira wa magongo wa nyasini, ambao makao yake makuu ni Uwanja wa City Park. Kenya ilimaliza ya sita katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971 ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezewa Barcelona. Avtar Singh Sohal, mlinzi aliyesifika duniani kote, aliichezea nchi hii katika Olimpiki nne, kuanzia ile ya Roma 1960 hadi ya Munich 1972, tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Baada ya Seoul mwaka 1988, timu yetu ya wanaume haijaonekana tena katika Olimpiki. Hiyo ni hadithi ya kusikitisha ambayo inastahili ukurasa wake.

Barafu ndiyo iliyokuwa ngeni. Uwanja wa kwanza wa barafu katika Afrika Mashariki ulifunguliwa mwaka 2005 katika Hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa Road. Mwanzoni waliocheza magongo hapo walikuwa hasa wageni kutoka Canada na Marekani waliokuwa wakifanya kazi jijini. Wakenya waliokuwa wakihudumu uwanjani, wale wa kukodisha viatu na kuwashika mkono watoto wasianguke, walitazama, wakajaribu, wakajua. Wakaungana na vijana wa viatu vya magurudumu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa timu ya Ice Lions, yaani Simba wa Barafuni.

Simba hao walikuwa na shida moja ya ajabu. Hapakuwa na timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Walijigawa makundi mawili wakachezana wenyewe kwa wenyewe, wiki baada ya wiki. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons ya Canada, inayouza kahawa na maandazi, iliwasafirisha hadi Toronto wakapate kukutana na wapinzani halisi kwa mara ya kwanza. Wakiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, mlango ulifunguliwa wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wawili ambao Wacanada huwataja jinsi sisi tunavyomtaja Kipchoge. Walivaa jezi ya Kenya wakacheza upande wetu. Mnamo 2024, Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo.

Basi barafu ipo. Nilimchukua kijana Jumamosi moja, tukapanda matatu ya 46 hadi mjini, kisha nyingine ya kuelekea Mombasa Road. Tulitoka kwenye jua tukaingia kwenye baridi iliyonikumbusha Limuru mwezi wa Julai. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa kimataifa, ambao una urefu wa mita 60 hivi. Kijana alianguka mara tisa. Nilihesabu. Mara ya kumi alisimama, akalikumbatia ukuta, akanitazama kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Kazi ya kipa

Huenda msomaji hujawahi kuuona mchezo wenyewe. Kila upande huwa na watu sita barafuni, kipa akiwemo, na mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira, wao hupiga kisahani cheusi cha raba iliyogandishwa, chenye uzito wa gramu 170. Kisahani hicho kikipigwa na mtu anayejua kazi yake, kinaweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Hakuna matatu inayofika hapo, hata zile za Rongai.

Lango ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22, na kipa hulijaza karibu lote kwa mwili wake. Huvaa kofia ya chuma, bibo la kifuani, glovu kubwa ya kudakia mkono mmoja, na ubao wa kupangulia mkono wa pili. Miguuni hufunga mito minene kutoka kwenye nyonga hadi kwenye kiatu. Mavazi hayo kwa jumla hufikia kilo 20 hivi. Bei yake, ukitaka mapya ya mtu mzima, haisemeki mbele ya dada yangu. Kila anapoona mpigo wa chini unakuja, kipa hujiangusha magoti ndani na nyayo nje, kama vipepeo wanavyokunjua mbawa, kisha huinuka tena. Hufanya hivyo mara nyingi ajabu katika mechi moja.

Walio mabingwa wa kazi hii ni Wafini. Finland ina watu wapatao milioni 5.5 tu. Nairobi peke yake ilikuwa na watu milioni 4.4 katika sensa ya 2019. Lakini nchi hiyo imetwaa ubingwa wa dunia mara nne, 1995, 2011, 2019 na 2022, na katika mwaka huo wa 2022 ikachukua pia dhahabu ya Olimpiki kule Beijing. Makipa wao huajiriwa na klabu tajiri za Marekani na Canada kama vile sisi tunavyoajiriwa kukimbia marathoni za watu. Mmoja wao, Antti Niemi, alipokuwa kijana aliwahi kuendesha ile gari ya kulainisha barafu uwanjani. Hakuna klabu iliyomchagua. Mwaka 2010 alilinyakua Kombe la Stanley akiwa langoni mwa Chicago. Nilipowasimulia hayo vijana wa pale uwanjani wanaokodisha viatu, mmoja alisema, "Basi sisi tuko njiani."

Lakini yule ambaye ningependa mpwa wangu amjue ni Pekka Rinne.

Miaka ya benchi

Rinne alizaliwa tarehe 3 Novemba 1982 huko Kempele, mji mdogo ulio karibu na Oulu, kaskazini mwa Finland. Ni mtu mrefu, sentimita 196. Alijiunga na Kärpät, klabu kubwa ya Oulu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Lango lilikuwa na mwenyewe, Niklas Bäckström. Kärpät ilipotwaa ubingwa wa Finland mwaka 2004 na 2005, kijana Rinne alikuwa akikaa benchi sehemu kubwa ya msimu, akifungua na kufunga mlango ili wenzake wapite.

Sasa sikiliza jinsi riziki inavyokuja. Klabu ya Nashville ya Marekani ilikuwa na mtu wake Finland, Janne Kekäläinen, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta vipaji. Kwa kuwa Rinne hakuwa akicheza mechi nyingi, Kekäläinen alikwenda mapema uwanjani kumtazama wakati wa kupasha mwili moto. Alimwona akidaka vile visahani vya mazoezi, akaridhika. Mwaka 2004 Nashville ilimchagua katika mzunguko wa nane, akiwa mtu wa 258. Mwaka uliofuata mizunguko ilipunguzwa ikabaki saba. Laiti mambo yangechelewa kwa miezi kumi na miwili, asingekuwa na mzunguko wa kuchaguliwa.

Ukidhani hapo alitajirika, umekosea. Alivuka bahari mwaka 2005 akapelekwa Milwaukee, kwenye timu ya daraja la chini ya Nashville, akakaa huko misimu mitatu. Katika muda huo wote alicheza mechi tatu tu za ligi kuu. Tatu! Alikuwa na miaka 25 kabla ya kupata nafasi ya kudumu, msimu wa 2008. Rafiki zake wa shule huko Kempele bila shaka walikuwa tayari na kazi na nyumba.

Dada yangu alinikatiza hapa. "Na nani alikuwa akimlisha?" Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linalotutenga sisi na wao. Mchezaji wa daraja la chini kule hulipwa mshahara. Si mshahara wa kujengea ghorofa, lakini wa kuishi. Kijana wa Nairobi anayeteleza barafuni hulipa yeye, nauli na kiingilio, au hulipiwa na mama anayeuza mchele.

Subira ya Rinne ilizaa. Siku alipotimiza miaka 29, Novemba 2011, alitia sahihi mkataba wa miaka saba wa dola milioni 49. Kwa mwaka mmoja hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 600 za wakati huo. Niliposema hivyo, dada aliacha kupepeta.

Lakini mwili nao ulidai chake. Ile kazi ya kujiangusha magoti huumiza nyonga, na Mei 2013 Rinne alipasuliwa nyonga. Aliporudi uwanjani, bakteria wakaishambulia nyonga hiyohiyo, akakosa mechi 51. Mzazi wa mtoto mwenye hamu ya kuwa kipa afaa alijue hilo mapema. Mwisho wa msimu huo aliitwa na taifa lake kwenda Minsk kwa ubingwa wa dunia wa 2014. Finland ilifungwa fainali na Urusi, lakini mchezaji bora wa mashindano yote akawa huyo huyo mgonjwa wa nyonga.

Halafu ukafika mwaka 2017, ambao huwa siwezi kuuhadithia nikiwa nimekaa. Nashville haikuwa imewahi kufika fainali ya Kombe la Stanley. Katika raundi ya kwanza ilikutana na Chicago, wababe wa siku hizo, na Rinne akawaruhusu mabao matatu tu katika mechi nne. Wakaenda nyumbani. Hatimaye fainali ikawa dhidi ya Pittsburgh ya Sidney Crosby. Pittsburgh ilikuwa mbele kwa mechi tatu dhidi ya mbili walipokuja Nashville tarehe 11 Juni kwa mechi ya sita.

Mapema katika kipindi cha pili Nashville ilitia kisahani wavuni, lakini refa alikuwa ameshapuliza kipenga akidhani kipa wa Pittsburgh amekidaka. Bao likakataliwa. Mechi ikaendelea bila kwa bila. Rinne alizuia kila kilichokuja. Zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde 35, Patric Hörnqvist wa Pittsburgh alikipiga kisahani akiwa nyuma kidogo ya mstari wa lango, mahali ambapo mtu hawezi kufunga. Kiligonga kiwiko cha Rinne kikaingia. Hörnqvist huyo alikuwa zamani mtoto wa Nashville, aliyechaguliwa nao akiwa wa mwisho kabisa mwaka 2005. Muda mfupi baadaye, lango la Nashville likiwa tupu kwa sababu kipa ametolewa ili aingie mshambuliaji wa ziada, likaingia la pili. Kombe likabebwa na Crosby. Ndiyo, Crosby yule yule ambaye mwaka uliofuata alivaa jezi ya Kenya kule Toronto.

Rinne hakufika tena fainali. Aliwahi kutajwa mara tatu miongoni mwa watatu bora wa tuzo ya Vezina, inayopewa kipa bora wa ligi, bila kuipata. Alipotajwa mara ya nne mwaka 2018, akiwa na miaka 35, akaipata. Tarehe 9 Januari 2020, tena dhidi ya Chicago, wapinzani walipoliacha lango lao wazi dakika za mwisho, alikirusha kisahani kutoka langoni kwake kikapita uwanja mzima na kuingia. Kipa akawa mfungaji. Katika msimu wake wa mwisho alirudi benchi kama alivyoanza, nafasi ikiwa imeshikwa na kijana mwingine wa Finland, Juuse Saros. Mechi yake ya mwisho, Mei 2021, alishinda bila kufungwa, ikiwa ni mara ya 60 kufanya hivyo katika ligi. Alikuwa amedaka katika mechi 683 na kushinda 369. Jezi yake namba 35 ilistaafishwa Februari 2022, ikawa ya kwanza katika klabu hiyo, na sanamu yake imesimamishwa nje ya uwanja wa Nashville.

Kombe la Stanley hakulipata. Mpwa wangu, niliyedhani atavunjika moyo hapo, aliniuliza kitu kimoja tu: "Mjomba, kile kiwiko kilikuwa cha kulia ama cha kushoto?"

Je, dada afanye nini?

Nilimweleza dada ukweli bila kuupaka sukari. Uwezekano wa kijana wa Kawangware kulipwa kwa kulinda lango la barafuni ni mdogo mno. Watoto wa Finland huanza wakiwa na miaka mitano au sita, karibu kila mji una ukumbi wa barafu, na klabu zina makocha ambao kazi yao ni makipa peke yao. Sisi tumeuanza mchezo jana. Pia nilimweleza kwamba Philip Boit wa Eldoret alipochukuliwa mwaka 1996 kwenda Finland, ya nchi hiyo hiyo, kujifunza kuteleza thelujini, watu walicheka. Miaka miwili baadaye alikuwa katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Dada alisikiliza yote. Aliuliza nauli ni ngapi kwenda na kurudi, akauliza kiingilio, akafanya hesabu kwa vidole. Alitaka kujua kama kofia huazimwa pale pale au hununuliwa, na kama kuna mtu mzima anayewasimamia. Kisha akatoa masharti yake. Viatu vya magurudumu havitanunuliwa kabla ya ripoti ya shule ya mwisho wa muhula. Uwanja wa barafu, Jumamosi moja kwa mwezi, na mjomba ndiye atakayempeleka na kumlipia. Kuhusu kuteleza pembeni ya Naivasha Road penye matatu, asisikie hata mara moja.

Kijana alikubali haraka mno, jambo lililonitia shaka.

Wiki iliyofuata dada alinipigia simu tena. Alikuwa amepata wageni kutoka Vihiga na alipotandika lile godoro la sponji linalowekwa nyuma ya kabati, aliliona limepungua kwa upande mmoja, limekatwa sawasawa kwa kisu cha jikoni, vipande viwili virefu kutoka kwenye nyonga hadi kwenye kiatu.